Mpunga kwenye Njia ya Kwanza

Watu wa Ifakara ukituachia mahali pa wazi, pasafi na penye jua mwezi wa sita, tutaanika mpunga. Tumeanika kwenye uwanja wa kanisa, tumeanika kwenye kiwanja cha mpira, na lami ilipofika mjini tukaanika mpaka kwenye lami, tukabishana na madereva kana kwamba wao ndio waliotuvamia. Nimezaliwa hapa, nimeanika mpunga tangu sijajua kusoma, kwa hiyo jambo hili nilitakiwa nilione likija. Sikuliona.

Naitwa Oliva. Nafundisha historia na michezo sekondari, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wananiita Pilipili, wakidhani sisikii. Kwa miaka mingi nilifundisha watoto kukimbia juu ya matuta ya majaruba, na mvua ikizidi tulihamia kando ya reli. Mtoto akiteguka mguu tulimkanda kwa maji ya moto na chumvi, tukamwombea. Redioni wakisema serikali itasaidia michezo, mimi nilikuwa nabadilisha stesheni.

Basi wakaja kweli, wakaniumbua. Walijenga uwanja wa kukimbilia, wenye njia nyekundu za mpira na mistari myeupe iliyonyooka mpaka macho yanaona raha. Pembeni wakaweka bweni, jiko na chumba cha daktari. Mpango wenyewe ulikuwa huu: kijana atakayefaulu jaribio mbele ya kocha wa serikali anakaa bwenini hapa hapa Ifakara, anasoma, anakula, anapewa viatu na matibabu, na anafundishwa mpaka aweze kuvaa jezi ya taifa. Siku mafundi walipoondoka nilivua viatu nikazunguka uwanja mzima peku, machozi yananitoka kwa furaha. Marselino mlinzi aliniona, na mpaka leo hajanitania kwa hilo. Namshukuru.

Mtoto wa kumpeleka bwenini nilikuwa naye. Merina ni binti wa Ndaki, mfugaji wa Kisukuma anayekaa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Amekua akikimbia nyuma ya ng'ombe, na anakimbia ameinua uso, hatazami chini hata mara moja, miguu yenyewe inajua pa kukanyaga. Nimefundisha watoto wengi wenye bidii. Mwenye kipaji cha namna ile sikuwahi kumpata.

Lakini baba yake alikuwa anahama. Wafugaji wengi wa bondeni walikuwa wametakiwa kuondoka kwenye ardhi oevu, na Ndaki alikuwa amepata eneo Lindi. Malori ya ng'ombe yalikuwa yanakuja mwisho wa mwezi. Nilipokwenda kumwomba amwache mtoto alinisikiliza vizuri, akanipa maziwa, halafu akanijibu bila kuzunguka.

"Mwalimu, serikali ikimchukua, tutazungumza. Isipomchukua, anapanda lori na mama yake. Nimwache hapa kwa nani?"

Sikuweza kumlaumu. Jaribio lilikuwa moja tu, Jumamosi, saa tisa alasiri. Baada ya hapo kocha angekwenda mikoa mingine na kufunga orodha yake. Merina akikosa siku hiyo, huko porini Lindi angekimbilia wapi, na mbele ya nani?

Jumamosi hiyo mchana nilikuwa nyumbani nanyoosha suruali yangu ya michezo simu ilipoita. Alikuwa kocha mwenyewe, Bwana Justin. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mwalimu shikamoo. Tuko Sanje hapa, tumesimama kununua ndizi. Tunakuja."

"Marahaba. Karibuni sana, njoo taratibu," nikasema, nikaendelea kupiga pasi.

Mjue kwamba Sanje ninayoijua mimi iko mbali. Kwenye ile barabara ya zamani, mtu akisema yuko Sanje ulikuwa na muda wa kupika, kula na kulala kidogo, na yeye bado anasukuma gari kwenye tope. Lami tunayo siku hizi, na nimeipita mara nyingi, lakini kichwani mwangu Sanje haijasogea. Kwa hiyo nilimaliza kupiga pasi, nikanywa chai, nikatembea polepole kwenda uwanjani.

Nilipofungua geti nilidhani nimepotea njia. Uwanja haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa na rangi ya dhahabu, mzunguko mzima. Kila njia ilikuwa na mpunga wake, umetandazwa vizuri, umeishia kwenye mstari kwa ustadi kabisa, na akina mama walikuwa wanautembelea peku wakiugeuza kwa miguu.

"Marselino!" Nilipiga kelele ambayo naamini ilisikika mpaka stesheni ya reli.

Marselino alitoka kibandani mwake akitabasamu. Alidhani nimekuja kumpongeza.

"Mwalimu, umeona kazi? Viwanja vya mashine zote za kukoboa vimejaa, watu hawana pa kuanika, maturubai yote yako mashambani. Nikaona jua lote hili linapotea bure. Na hii mistari ni neema, Mwalimu. Kila mtu na njia yake, hakuna ugomvi. Njia ya kwanza na ya pili ni mama Philomena, mbegu ya supa tupu. Kuanzia ya tatu kwenda kule wote ni mbegu ya saro."

"Hukusoma kibao pale getini?"

"Nimekisoma. Magari hakuna, pikipiki hakuna, ng'ombe hakuna, viatu vya kisigino hakuna. Nimewavua viatu wote." Akanionyesha malapa yaliyopangwa getini kama ya msikitini. "Mpunga hawakuandika."

Hapo ningekuwa mtu mwenye akili ningesema, jamani, wageni wako Sanje, tusaidiane tuondoe. Mimi nilianza hotuba. Nilieleza nchi ilikotoka na inakokwenda. Nilieleza mpira ule umetoka wapi na umepita bandari gani. Nilimwita Marselino majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Akina mama walisimama na mafagio yao wakinisikiliza kwa heshima, mmoja akaniletea kiti. Bado nilikuwa kwenye hotuba gari jeupe la serikali lilipoingia getini, na ndani yake mkungu wa ndizi.

"Si mlikuwa Sanje?" nilimuuliza Bwana Justin aliposhuka. Ndiyo salamu niliyompa mgeni wa serikali.

"Tulikuwa Sanje," akasema. Aliutazama uwanja. Aliutazama kwa muda, akainama, akaokota punje moja, akaimenya kwa kucha, akaitia mdomoni. "Haujakauka huu."

"Bado kidogo, mkuu," Marselino akamjibu kitaalamu.

Bwana Justin hakucheka. Aliniambia polepole kwamba ana mikoa mingine inamsubiri, kwamba leo lazima arudi Morogoro, na kwamba hawezi kumpima mtu muda kwenye njia iliyojaa chakula. Kichwani nilimwona Merina ameshapanda lori, nikaona na ile miguu yake inaning'inia.

Halafu akasema, "Sijala tangu asubuhi. Nitakaa pale nile ndizi zangu. Nikimaliza kula, nataka njia ya kwanza na ya pili ziwe wazi. Zisipokuwa wazi, naondoka."

Nikageuka kwa Philomena.

Philomena ni mama wa makamo kama mimi, Mndamba, mjane, mkulima hasa. Supa yake inanukia kabla haijafika jikoni. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya kwanza, mikono kiunoni, na alishaelewa kila kitu kabla sijafungua mdomo.

"Niupeleke wapi?" akaniuliza. "Majani ya katikati Marselino ameyamwagilia asubuhi kuwapendezesha wageni, ni maji matupu. Nje huko ni mchanga. Nikiusogeza, unaingia kwenye saro ya watu. Supa na saro zikichanganyika, Mwalimu, nani ataninunulia? Mwaka mzima nimeinama kwenye maji kwa ajili ya hii."

Alikuwa na haki, na kila mtu pale alijua ana haki. Nikamwambia kuna mtoto anategemea jaribio hili, maisha yake yote yako hapa.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Ndaki."

Wanawake wote wakamtazama Philomena. Mwaka uliotangulia ng'ombe wa Ndaki walivunja boma wakaingia kwenye shamba la Philomena mchana kweupe, mpunga ukiwa umeshachanua. Wazee walisuluhisha, Ndaki akaomba radhi, Philomena akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

"Ng'ombe walikula ulioko shambani," akasema taratibu, "sasa mtoto anataka na ulioko juani."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana roho ya chuki, na nilimwambia mbele za watu. Akanigeuzia mgongo akaendelea kugeuza mpunga wake kwa miguu, na mimi nikabaki nimesimama, najua kabisa nimeharibu. Kule kwenye ngazi za watazamaji Bwana Justin alikuwa anamenya ndizi ya kwanza.

Merina akaingia getini wakati huo, amebeba viatu vyake vya kukimbilia vimefungwa kamba na kutupwa begani. Aliona uwanja, akaniona mimi, akamwona Philomena. Alivua malapa, akayapanga pamoja na ya wengine, akaenda mpaka mbele ya Philomena akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba kavu.

"Mama, usihamishe. Mimi nitakimbia pembeni, mchangani. Mwalimu ataniombea kwa kocha." Aliinamisha uso. "Ule wa mwaka jana nilichelewa kuuokoa. Nilikuwa mbali, nilikuwa nimepeleka ndama mtoni. Nilikimbia nilivyoweza."

Philomena aliacha kugeuza mpunga.

"Wewe ndiye uliyekimbia siku ile?"

"Ndiyo mama."

"Yule aliyekuja juu ya tuta? Kutoka kule mtoni?"

"Ni mimi."

Philomena akawageukia wenzake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jamani, niliwaambia mkaniona mwongo! Niliwaambia kuna mtoto nilimwona, ng'ombe wameshafika katikati ya shamba, mimi nimekaa chini nalia, nikamwona anakuja juu ya tuta jembamba lile, hatazami chini, kafika mbele ya dume la mbele akaligeuza kwa kofi. Kwa kofi! Akawatoa ng'ombe wote akatokomea nao. Nilidhani ni mvulana." Akamtazama Merina kuanzia juu mpaka chini. "Hii mbegu niliyopanda mwaka huu imetoka kwenye kile kipande ulichokiwahi kabla hakijaliwa. Inuka, mwanangu. Inuka, utachafua magoti."

Halafu akachukua fagio. Nataka mjue hakumwambia mtu yeyote aanze. Alianza mwenyewe, kwenye supa yake, akaisukuma ikavuka mstari mweupe ikaingia kwenye saro ya jirani, nami nikasikia wanawake wanavuta pumzi. Jirani yake angeweza kugomba, maana saro yake nayo ilikuwa inaharibika. Alisema tu, "Mungu wangu, Philo," akashika fagio lake, akaanza upande wa pili. Baada ya hapo sikuona tena nani anafanya nini. Mafagio, ungo, kanga, mikono mitupu. Marselino alikuwa amepiga magoti anapuliza punje kutoka kwenye mstari wa kuanzia. Na mimi nilikuwa nafagia na suruali yangu iliyonyooshwa, nikamfikia Philomena, nikamwambia nilikosa kwa kusema vile.

"Fagia," akaniambia. "Utaniomba radhi nikiwa nimekaa."

Kila nilipoinua kichwa nilimtazama Bwana Justin. Sijawahi kumwona mtu mzima akila ndizi polepole vile. Alimenya uzi mmoja mmoja. Alitafuna kama mgonjwa. Dereva wake alipomwambia jambo sikioni, akakata ndizi nyingine kwenye mkungu.

Aliposimama akapangusa mikono, njia mbili za ndani zilikuwa nyekundu tena. Nje yake palikuwa na ukuta wa mpunga, supa na saro kitu kimoja, na akina mama wamekaa juu ya ukingo wa nje na fimbo za kufukuzia ndege.

Mbio zilikuwa za mita elfu tatu, raundi saba na nusu, Merina peke yake na saa. Bwana Justin akapuliza filimbi. Mwanzoni kulikuwa kimya; mtu peke yake akikimbia kwenye uwanja wenye harufu ya mpunga na mpira wa moto, unasikia kila hatua. Wanawake wale walikuwa wamekubali kufagia, lakini kumshangilia mtoto wa mfugaji ilikuwa jambo jingine, na wengi walitazama kwingine. Raundi ya tatu nilijua yuko sawasawa. Raundi ya tano nilianza kuona amechoka mabega, nikapiga kelele ashushe mikono.

Raundi ya sita, kwenye kona ya mbali, kuku mmoja mwenye vifaranga akaona mpunga ule wote akaamua ni wa kwake. Aliingia njia ya kwanza na familia yake nzima, wakasimama pale kudonoa punje tulizoacha, na Merina anakuja.

Nilikuwa mbali, sikuweza kufanya kitu zaidi ya kupiga yowe. Philomena alikuwa karibu. Niliona kanga imeruka, niliona mama mtu mzima anakimbia kwa mwendo ambao hakuna aliyejua anao, akamfunika kuku kwa kanga, akamkumbatia na kuanguka naye mgongo kwenye mpunga, vifaranga vikatawanyika kila upande, na Merina akapita hapo hapo. Akaanza kucheka.

"Usicheke! Pumzi!" nikapiga kelele.

Lakini uwanja mzima ulikuwa unacheka. Philomena akainuka, mpunga umemjaa kichwani, kuku anapiga kelele kwapani, akapiga kigelegele. Wa jirani akapokea. Kikatembea uwanja mzima kutoka njia hadi njia, na kila Merina alipopita wanawake walisimama, wakapiga fimbo zao chini wakiita, "Kimbia Meri! Kimbia mama!" Raundi ya mwisho sikuwa na haja ya kumwambia kuhusu mikono. Aliinua uso akaenda.

Bwana Justin alibonyeza saa. Akaitazama, akanionyesha. Alikuwa amemaliza ndani ya muda uliotakiwa, na akiba juu.

"Tunamchukua," akasema. "Aanze Jumatatu. Mzazi wake yuko wapi?"

Alikuwa nje ya uzio. Kumbe Ndaki alikuwa amesimama pale muda wote, rungu mkononi, na shuka lake begani. Nilimwita aingie akakataa, mpaka Marselino akaenda kumshika mkono.

"Kibao kinasema ng'ombe marufuku," Ndaki akasema. "Nikaona na mwenye ng'ombe pia."

Alivua makubazi yake ya tairi, akakanyaga ile njia nyekundu kwa kuijaribu kwanza. Bwana Justin akamweleza kila kitu kwa heshima: bweni, shule, chakula, daktari. Ndaki akasikiliza mpaka mwisho. Nilimtazama usoni, na sikuona ndiyo.

"Nimeshukuru," akasema. "Lakini serikali ni kubwa. Mimi nakwenda mbali. Mtoto akiumwa usiku, akikosewa, akilia, nani hapa atakuwa wa kwangu? Nimpigie nani simu aniambie ukweli? Mwalimu ana watoto mia. Bila mtu, simwachi."

Merina alikuwa ameshika viatu vyake kifuani. Nilifungua mdomo niseme mimi, japokuwa alishanikataa, na kabla sijapata neno Philomena akapita mbele yangu na kuku wake.

"Mimi."

Ndaki akamtambua, akainamisha macho, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayo, wewe nina deni lako."

"Ndiyo. Na nimechoka kulingoja," Philomena akasema. "Ng'ombe wako walikula mpunga wangu, nami leo nakukamatia mtoto. Nyumba yangu iko nyuma ya uzio huu, hata akipiga chafya bwenini nitamsikia. Jumapili atakula kwangu. Akikosewa, nitakuja hapa na hili fagio, na huyu kocha ale ndizi zake haraka. Ukimtaka, utakuja kumtazama kwangu. Nimemaliza."

Sikuwa nimewahi kumwona Ndaki akicheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya shuka, na sidhani machozi yote yalikuwa ya kicheko. Akamshika Philomena mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo.

Jioni ile walibishana kuhusu namna ya kuugawa mpunga uliochanganyika mpaka jua likazama, wakagawana kwa debe, kila mtu akidai alikuwa na zaidi. Supa ya Philomena ilikwenda kwa bei ya chini mwaka ule, na anaitaja kila akiniona. Siku ya malori, Ndaki alisimamisha lake mbele ya geti. Hakuingia, alisema ana haraka, ng'ombe wanasikia joto. Alimwita Merina kwenye uzio akamwambia maneno machache ya Kisukuma, akapanda gari, hakugeuka nyuma.

Merina alisimama pale mpaka vumbi likatulia. Mimi na Philomena tulimsogelea, na mimi nikamuuliza baba amesema nini.

"Amesema nisikimbie nikiwa na njaa," Merina akasema, na hapo ndipo akalia.

Philomena akamvuta, akamfunika kwa kanga yake.

"Basi twende," akasema. "Wali uko jikoni."